Ivue Stika Vespa Yako Kabla ya Kuipamba

Mjini Unguja vespa humpeleka mtoto skuli asubuhi, hubeba mbatata kutoka Darajani mchana, na jioni huegeshwa Forodhani na mtu anayejua fika kwamba chombo chake kinatazamwa. Kwa hiyo simlaumu yeyote anayetaka kuipamba yake. Ninalolipinga ni pambo la aina moja tu, nalo ni ile plastiki ya gundi inayobandikwa juu ya bodi nzima, yenye rangi ya kumetameta, michoro ya moto au nembo ya timu ya mpira, ambayo humaliza kazi ndani ya mchana mmoja na kuacha kila kilichokuwa chini yake kikiendelea kuharibika.

Sababu yangu inatokana na namna vespa ilivyoundwa. Corradino D'Ascanio, aliyeibuni kwa ajili ya kampuni ya Piaggio ya Italia, alikuwa mhandisi wa ndege, na chombo kilichoombewa hataza mjini Florence mwezi Aprili 1946 hakikuwa na fremu ya mabomba kama pikipiki, bali bati lililokunjwa na kuchomelewa hadi likawa bodi na fremu kwa wakati mmoja. Pikipiki ikishika kutu kwenye madigadi, hasara ni ya macho tu. Vespa ikishika kutu kwenye sakafu ya kukanyagia, kinacholiwa ni uti wa mgongo wenyewe, na hapa kwetu upepo wa bahari huja na chumvi isiyosamehe hata mkwaruzo mmoja.

Yangu niliinunua ikiwa imeshavishwa stika nyekundu kuanzia ngao ya mbele mpaka nyuma. Niliiosha kila Ijumaa na kujiona mtunzaji hodari, hadi siku ambayo pembe ya stika karibu na pedeli ya breki ilinyanyuka, nikaivuta kwa ukucha, na bati likatoka pamoja na gundi, jembamba na jekundu kama ukoko ulioungua. Maji yalikuwa yakiingia ukingoni na kukosa pa kutokea. Fundi wa bodi alikata kipande kikubwa kuliko kiganja changu akachomelea kipya, na bei aliyonitajia ingetosha kununua makopo ya rangi ya miaka kadhaa.

Tangu hapo nashikilia kwamba vespa ipambwe kwa rangi, tena na mwenyewe. Anayepaka rangi kwa mkono wake halazimiki kuwa msanii, lakini analazimika kukwangua, kupiga msasa, kutia dawa ya kutu, kuziba mabonde kwa puti na kupuliza praima, yaani rangi ya msingi, na katika kazi hiyo atalijua kila tundu la bati lake. Siichambui hapa hatua kwa hatua, ila nitasema jambo moja lililonitesa: kama uliwahi kuing'arisha vespa kwa mafuta ya kung'arishia matairi, ifute kwa kitambaa chenye thina kabla ya kugusa msasa, la sivyo rangi itajikunja na kuacha vijiduara vidogo kila mahali, na utarudi mwanzo.

Pambo ninalolipenda halihitaji mchoraji wala kompresa. Linahitaji kipande cha lesi. Shangazi yangu alikuwa na kipande kilichobaki baada ya kushona gauni la harusi, na nilipomwomba aliniuliza, "Mwanangu, na hiyo vespa nayo inaolewa?" Nilianza na kifuniko cha ubavuni cha kushoto, kile kinachoficha tairi la akiba, kwa kuwa kwenye vespa ya aina ya PX kama yangu huvuliwa bila kufungua hata skrubu moja na ukikosea unakosea mezani. Nilipuliza rangi ya maziwa, nikaiacha ikauke siku nzima, nikailainisha kwa msasa wa maji namba 800, kisha nikaivuta lesi juu ya mbinuko wa bati hadi ikakaza kama ngozi ya ngoma na kuibana kwa tepu upande wa ndani. Rangi ya pili, kijani cha mwani, niliipuliza wima kutoka umbali wa karibu shibiri moja, kwa mikupuo myepesi inayopita bila kusimama. Lesi ikilegea mahali popote, rangi hupenya chini yake na ua linakuwa doa. Baada ya dakika chache niliinyanyua moja kwa moja juu, bila kuiburuta. Palipozibwa na uzi maua yalibaki ya rangi ya maziwa, na palipokuwa na matundu ya wavu pakawa kijani, kiasi kwamba ukikaribia unaona hadi mshono wa ukingoni.

Hapo wengi huharibu kwa haraka ya kumalizia. Klia, ile rangi angavu ya kumalizia, ikiwa ya kopo la kawaida huyeyuka ikiguswa na petroli, na mdomo wa tangi la vespa uko chini ya kiti, kwa hiyo matone ya kituo cha mafuta huteremka juu ya maua yako. Klia yenye kikaushio chake hustahimili, lakini mvuke wake ni sumu ya mapafu, na barakoa ya kitambaa haikingi kitu. Asiye na barakoa ya kemikali inayofaa na mahali pa wazi ampelekee fundi rangi hatua hiyo peke yake. Wala usipulize siku za masika, kwani unyevu huifanya rangi ipauke kama iliyomwagiwa maziwa. Mimi hungoja kipupwe.

Nakubali kwamba stika ni rahisi, na kijana anayetaka rangi mpya kila sikukuu atanicheka. Abandike akipenda, mradi juu ya bati aliloliona kwa macho yake na si sakafuni. Ngao ya mbele nimeiacha rangi moja, ile iliyoandikwa kwenye kadi ya usajili. Kifuniko cha kulia, cha upande wa injini, bado kina praima ya kijivu, na lesi ya shangazi imekauka kwa rangi hadi inasimama yenyewe ukutani kama ungo. Itanibidi nimwombe kipande kingine.