Wajane wa Kiyunani wako Mombasa pia

Makanisa mengi hapa Mombasa yana ile Jumapili ya umoja, kila kundi linaimba kwa lugha ya kwao, kina mama wa Kigiriama wamevaa mahando, Wakamba wanaruka, mahubiri ni Wagalatia 3:28 hapana Myahudi wala Myunani, tunapeana mikono tunarudi nyumbani roho zimefurahi. Hiyo siku naipenda, sitaki mtu aiondoe. Lakini Jumatatu uliza nani anaweka sahihi kwenye hundi za kanisa, nani yuko kamati ya ujenzi, nani anapanga viti na kupika chai ya wageni, utaona watu wa upande mmoja wako mezani na wa upande mwingine wako jikoni, na hakuna anayeshangaa manake imekuwa hivyo miaka yote.

Na si ukabila peke yake. Akiingia mzungu ibadani, hata kama ni mtalii tu amepita kutoka hotelini, anatolewa nyuma analetwa kiti cha mbele na mara nyingine anapewa maikrofoni asalimie. Yakobo aliandika waziwazi kuhusu wale wanaomwambia mmoja "Keti wewe hapa mahali pazuri" na mwingine "Simama wewe pale", aliita hiyo dhambi. Halafu kuna ndugu yetu Mgoa, yaani mwenye asili ya Goa kule India, ambaye babu yake alibatizwa mji huuhuu, bado tunamwita Mhindi na kumuuliza kwao ni wapi. Hiyo inaniuma sana jamani.

Mie naamini Biblia imeshatuonyesha njia, ila tunaisoma haraka. Matendo 6, Wayahudi wa Kiyunani, yaani waliosema Kigiriki, walinung'unika kwamba wajane wao wanasahaulika katika huduma ya kila siku, yaani chakula. Mitume hawakusema hayo ni maneno ya kuleta mgawanyiko, hawakuwaambia wale wajane wasamehe tu waombe. Kanisa lote likachagua watu saba wasimamie ile kazi, sasa yasome majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ya Kiyunani! Nikolao hata Myahudi wa kuzaliwa hakuwa, alikuwa mwongofu wa Antiokia. Yaani upande uliokuwa unapunjwa ndio ulioachiwa usimamizi wa chakula cha wote, pamoja na cha wajane wa Kiebrania. Hapo ndipo sisi tunapokwama, kukumbatiana tunaweza, kuachia daftari hatutaki.

Ukikataa kuachia daftari, mambo yanafika mbali. Afrika Kusini, mwaka 1857, sinodi, yaani mkutano mkuu, ya kanisa la Dutch Reformed, kanisa la Makaburu kule Cape, ilikiri kwamba kimaandiko ni vizuri waumini wote waabudu pamoja, halafu palepale ikaruhusu weusi watengwe kwa sababu ya "udhaifu wa baadhi". Udhaifu wenyewe ulikuwa ni wazungu wasiotaka kushiriki Meza ya Bwana na mtu mweusi. Wakaonewa huruma wao, si yule aliyetolewa mezani. 1881 likaundwa kanisa la kando kwa machotara, na apartheid, yaani kutenga watu kwa rangi, ilipokuja kuwa siasa ya serikali baada ya 1948 watu walikuwa wameshazoea kutengana kuanzia kanisani. Ilibidi wale waliotengwa wenyewe ndio waandike Ungamo la Belhar mwaka 1982, likapitishwa rasmi 1986, wakisema umoja wa kanisa lazima uonekane kwa macho na kwamba Mungu anasimama na wanaodhulumiwa. Petro naye alijitenga vilevile Antiokia, alikuwa anakula na watu wa Mataifa, wakaja watu kutoka kwa Yakobo akaondoka mezani, na Paulo alimkemea mbele ya wote, hakumngojea faragha.

Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kwenda Cape kutafuta mfano. Frere Town ilianzishwa 1875 na wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine, watu ambao makwao hawakujuana wakawa kanisa moja hapa Kisauni. Mnara wa kengele uko Kengeleni hadi leo, matatu zinapita kando yake kila dakika. Ni kazi nzuri ile, nasema kwa moyo wote. Lakini palepale penye uhuru, miaka ya mwanzo ya 1880 walikuwepo waliochapwa viboko na msimamizi mzungu hadi malalamiko yakapelekwa. Na wakati huohuo kulikuwa na William Jones, aliyekuwa mtumwa akakombolewa akalelewa India, akarudi kuhudumu Rabai, hapa karibu na Mombasa, mwaka 1885 Askofu Hannington akampa ushemasi pamoja na Ishmael Semler. Watumwa watoro walikimbilia Rabai wakapata pa kukaa, na tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya 1,000 walipewa hati za uhuru baada ya mabwana zao kulipwa. Mie naona Rabai ilikuwa kimbilio kwa sababu aliyekuwa pale madhabahuni alijua mwenyewe mnyororo ni nini.

Wapo watakaosema hizi ni siasa, mchungaji ahubiri injili tu. Lakini nimeona wazazi waliookoka, wa maombi kabisa, wakikataa posa ya kijana wa kanisa lao wenyewe kwa sababu ni wa bara, na wazee wa kanisa wakanyamaza eti ni mambo ya familia. Vijana wale wote wawili wamehama kanisa. Injili gani inanyamaza hapo?

Ninachoomba si kikubwa. Uchaguzi wa wazee wa kanisa unapokuja, kabla ya kupendekeza majina yaleyale, kina mama wanaopika na vijana wanaopanga viti waulizwe wanamtaka nani ashike fedha za misaada, wanyonge ndio waanze kusema, na jina watakalotoa lisipelekwe kwa kamati ya zamani kuchujwa.