Msiniambie Hitomi ilikuwa hasara tupu

Juzi nilikuwa natazama video ya vyombo vya anga vilivyoharibika, nikaikuta Hitomi humo, imechanganywa na roketi zilizolipukia ardhini. Msimulizi akaipa sekunde chache tu: setilaiti ya Wajapani, ilizunguka mpaka ikavunjika, hasara tupu. Neno hilo limenikaa kooni tangu siku ile.

Hitomi kwa Kijapani ni mboni ya jicho, na chombo chenyewe kilikuwa darubini ya kusoma eksirei kutoka angani. Ilirushwa tarehe 17 Februari 2016, na ilipofika 26 Machi ikawa imepotea. Lakini katika wiki hizo chache ilielekezwa kwenye kundi la galaksi la Perseus, umbali wa miaka ya nuru milioni 240 hivi, ikapima jambo ambalo hakuna chombo kilichowahi kulipima kwa usahihi ule: mwendo wa gesi ya moto iliyoizingira galaksi kubwa ya katikati, NGC 1275.

Gesi ile si pambo. Joto lake ni makumi ya mamilioni ya nyuzi, na katika kundi zima uzito wake unazishinda nyota zote mara kadhaa. Ile ya katikati, kwa jinsi inavyomwaga eksirei, ilipaswa kupoa, kuporomoka na kuzaa nyota kwa mamia kila mwaka. Haifanyi hivyo. Kuna kitu kinaipasha moto upya, na anayeshukiwa zaidi ni shimo jeusi la pale katikati, linalopuliza mapovu makubwa ndani ya gesi. Mapovu yakipanda, yanakoroga. Yanakoroga kwa nguvu gani? Picha, hata iwe nzuri vipi, haikwambii. Ni lazima uzipange eksirei zake kwa nishati, kisha usome mstari wa chuma, yaani alama inayoachwa na atomi za chuma.

Atomi za chuma humo ndani hutoa eksirei za nishati maalumu. Zinazotujia nishati yake hupanda kidogo, zinazotukimbia hushuka kidogo, na mstari hutanuka. Upana huo ndio mwendo wenyewe. Kipokeo cha Hitomi kilikuwa na vipande 36, vimepozwa hadi nyuzi 0.05 tu juu ya sifuri halisi, baridi ya mwisho kabisa. Chembe moja ya eksirei inatua, kipande kinapata ujoto mdogo mno, na ujoto huo unasomwa. Chembe moja moja! Jibu likaja: kilomita 164 kwa sekunde. Wengi walitarajia vurugu kubwa zaidi. Kumbe pamoja na mapovu yote yale, gesi imetulia, na shinikizo la mkorogo ni kama asilimia 4 tu ya shinikizo la joto. Jibu hilo mnaliita hasara?

Nakubali, makosa yalikuwepo, na yanauma. Mfumo wa mwelekeo uliamini chombo kinazunguka hali kimetulia, ukakizungusha kweli. Kisha injini ndogo za kukiokoa, zilizopewa maagizo mabaya, zikazidisha mzunguko.

Septemba 2023 ikarushwa XRISM, darubini iliyorithi kazi ya Hitomi. Mfuniko wa kipokeo chake umegoma kufunguka, kwa hiyo eksirei za nishati ndogo haizipati. Hata hivyo imelisoma Centaurus, kundi jingine la galaksi: gesi ya katikati inakwenda kilomita 130 hadi 310 kwa sekunde, inasukasuka kama maji kwenye ndoo ya mtu anayetembea, baada ya kundi hilo kugongana na jingine. Na kipokeo kilichoyaona hayo ni cha aina ileile ya Hitomi, vipande 36, baridi ileile.