Rubani na Utingo Ni Mtu Mmoja

Baba yangu aliendesha Fuso zaidi ya miaka ishirini, Tanga, Korogwe, Lushoto na kokote palipopatikana mzigo, na sikumbuki hata siku moja kumwona amebeba gunia. Dereva hagusi mzigo. Gari likiingia sokoni yeye hushuka, hujinyoosha mgongo, huagiza chai, huku utingo akifungua turubai na wapakiaji wakizozana kuhusu bei. Basi nilipomtumia picha yangu ya kwanza nikiwa kazini Yellowknife, Kanada, ovaroli imelowa mafuta mpaka magotini, nimekumbatia pipa, alinipigia simu na swali moja tu: "Kwani hiyo ndege yenu haina utingo?"

Haina, mzee. Utingo ndiye mimi.

Alicheka, lakini nilisikia kabisa kwamba hakupenda. Ukoo ulichanga pesa kwa ajili ya rubani, si kuli. Na mimi mwenyewe, nikiri, mwaka wa kwanza nilikuwa na hasira. Leseni ninayo mfukoni, kazi niliyopewa ni kupakia, kufagia theluji kwenye mabawa, kuifunika injini jioni na kuifunua alfajiri. Miezi kumi na minne sikurusha hata tiara. Ndiyo desturi ya huku: kampuni nyingi ndogo humwanzisha rubani mpya chini, kwenye mizigo, mpaka siku atakapoitwa kukalia kiti cha kulia, cha rubani msaidizi.

Anayeshangaa kwa nini ndege ndogo ihangaike na mapipa na mbao aangalie ramani ya kaskazini mwa Kanada. Yellowknife iko ukingoni mwa Great Slave Lake, na ukitoka hapa kwenda juu barabara zinaisha mapema sana. Jirani yetu wa mashariki, Nunavut, ana makazi 25 yasiyounganishwa kwa barabara, si yenyewe kwa yenyewe wala na kusini. Meli huwafikia majira ya kiangazi tu, maji yakifunguka. Upande wetu almasi ziligunduliwa mwaka 1991, mgodi wa Ekati ukaanza kazi 1998, na migodi hiyo hupata barabara ya barafu kwa wiki chache kila mwaka. Lakini kambi ya watafiti wa madini yenye watu kumi haiko kwenye njia ya mtu yeyote. Iko kando ya ziwa fulani, na kila kitu kilichopo pale, kuanzia trei ya mayai mpaka jenereta, kuna mtu alikiinua kwa mikono yake. Mara nyingi mtu huyo ndiye aliyekuja anairusha ndege.

Chukua pipa la mafuta. Lita 205, na likijaa linakaribia kilo 180, yaani magunia mawili ya mahindi yasiyo na lumbesa. Tunatumia Twin Otter, ndege iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1965 na ambayo wasomaji wa Nairobi wameiona uwanja wa ndege wa Wilson. Tunaegemeza mbao mbili nene mlangoni, watu wawili tunalisukuma pipa likiwa limelala, bega moja chini yake, na hapo kati ya mbao hakuna kupumzika wala kupiga chafya. Likishaingia ndani unalisimamisha: unachuchumaa, unalikumbatia, unanyanyuka kwa mapaja. Ukinyanyuka kwa mgongo utaijua siku hiyohiyo. Kisha unaliinamisha kidogo na kulizungusha kwa ukingo wake, hatua kwa hatua, mpaka mahali pake, unalifunga kwa mikanda kwenye pete za sakafuni. Haya yote umeinama, maana ndani ya ndege hiyo dari ni mita moja na nusu, na mimi nina mita moja na themanini. Kule mnakokwenda mnatupa tairi kuukuu chini ya mlango, mnalisukuma pipa liliangukie, linadunda, linabingirika kwenye theluji. Lile tairi linasafiri nasi kila safari kama abiria.

Watu hunionea huruma kwa sababu ya baridi. Baridi yenyewe naiweza. Kinachoniumiza ni jasho. Nyuzi arobaini chini ya sifuri, umebeba magunia ya chakula cha mbwa na plaiwudi kwa saa nzima, fulana ya ndani imelowa, halafu unakaa kwenye kiti ukisogea kidogo sana kwa saa mbili. Lile jasho linageuka barafu mgongoni. Wazoefu walinifundisha kuvua koti kabla ya kupakia badala ya baada, na kubeba fulana ya akiba kwenye mfuko wa plastiki. Chuo cha urubani hakikunifundisha hilo.

Tena kuna jambo la mikono. Kwenye Twin Otter vishikio vya nguvu za injini haviko mbele yako. Vinaning'inia darini, kati ya viti viwili. Ili kuongeza au kupunguza nguvu unainua mkono juu ya kichwa. Siku moja tulishusha shehena ya mabomba ya kuchoronga miamba, tukaruka kurudi, na wakati wa kutua nilipoinua mkono kushika vile vishikio, ulikuwa unatetemeka kama wa mzee. Vidole vilikataa kufumba. Kapteni aliona, akavishika yeye bila kusema neno. Alipozima injini aliniuliza tu nilikunywa chai saa ngapi.

Hapo ndipo maoni yangu yanapoanzia, na najua yatawaudhi watu wa pande zote mbili.

Kwa baba na walio upande wake: naamini rubani anapaswa kugusa mzigo wake. Kiangazi kilichopita tulitumwa kuchukua masanduku ya mawe ya sampuli, yale ya mbao yenye vipande virefu vya mwamba vilivyochorongwa ardhini. Karatasi ilisema kilo 25 kila moja. Sanduku la kwanza tu nililoinua, kiuno kikaniambia karatasi inadanganya. Tukatafuta mzani wa jikoni kwao, wa kupimia nyama: kilo 34. Yalikuwa masanduku thelathini. Kilo 270 za ziada ambazo hazikuandikwa popote, na zingekaa nyuma, kwenye mkia. Mkia ukizidi uzito pua inainuka, na ikiinuka mno mabawa hayaibebi tena ndege. Ningekuwa nimekaa pembeni nikinywa chai, ningesaini ile karatasi. Baba, mzigo uliwahi kukulaza kwenye kona za Mombo kupanda Lushoto, na mpaka leo unamlaumu utingo.

Kwa wenzangu wa huku, wanaosema kubeba ndiyo ada ya kaskazini na asiyeweza arudi kusini: hapo siko nanyi. Kampuni niliyoanzia kurusha ndege ilinilipa kwa saa za kuruka. Siku ya kawaida niliruka saa tatu na kufanya kazi saa kumi na moja. Zile nane zilikuwa sadaka. Ubaya zaidi, walipopanga zamu walihesabu kama kwamba hazikuwepo, kwamba aliyeruka saa tatu bado ni mbichi na anaweza safari nyingine jioni. Wakati wa kiangazi huku jua karibu halizami, kwa hiyo hata mbingu haikuambii kuwa umechoka. Mbu ndio wanaokukumbusha saa.

Wanaopenda hadithi za mashujaa wa zamani husahau kwamba wale wa miaka ya 1920 na 1930 mara nyingi hawakuruka peke yao. Rubani alifuatana na fundi. Jioni fundi alimwaga oili ya injini kwenye kopo na kuiingiza ndani isigande. Alfajiri aliifunika injini kwa turubai kama hema, akawasha jiko chini yake, akakaa humo na kizima moto mapajani. Walibeba pamoja. Baadaye injini zikawa za kuaminika, fundi akaachwa mjini, lakini mizigo haikuachwa naye. Hata ndege zenyewe zilitengenezwa zikimjua mbebaji: Beaver, iliyoruka mwaka 1947, wabunifu wake waliwauliza marubani wa porini wanataka nini, na mlango wake ukawekwa upana wa kuingiza pipa. Mlango ukapanuliwa. Mtu wa pili wa kulisukuma pipa hilo anategemea ukarimu wa mwenye kampuni.

Nisemacho si kikubwa. Saa za kupakia zihesabiwe kuwa ni za kazi, kwenye malipo na kwenye mapumziko. Penye mapipa pawe na mikono mingine, hata ya kijana mmoja wa kambini anayelipwa kwa siku, rubani asimamie na abebe naye. Kila kambi iwe na mzani, na usiwe wa nyama. Mwajiri wangu wa sasa anakubali la kwanza, la pili anasema atalifikiria, la tatu amecheka.

Juzi baba amepiga tena. Siku hizi haulizi habari za utingo. Anauliza tumebeba nini, kama wauliza bei ya viazi. Nikamwambia Jumatatu tuna mapipa sita na mfuko mmoja wa barua. Akanyamaza, nikamsikia anahesabu kwa sauti ya chini, kisha akauliza yatakaa mbele au nyuma.