Poltrona Frau au B&B Italia: sofa gani litakaa Raskazone?

Anayejenga Raskazone, mtaa wa Tanga ulio kando ya bahari, akishafika kwenye madirisha na tailizi, mazungumzo huhamia sebuleni. Wenye uwezo huulizia sofa la Kitaliano, na mara nyingi ubishi hubaki kati ya majina mawili: Poltrona Frau kwa wapenda ngozi, B&B Italia kwa wapenda kitambaa na umbo la kisasa. Ubishi wenyewe huendeshwa kwa picha za simu. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari hivi, mimi ningeanza na kilichomo ndani ya sofa, maana ndicho kitakachopambana na unyevu wa Tanga mwaka mzima.

Poltrona Frau ilianzishwa na Renzo Frau mjini Torino mwaka 1912, na siku hizi kiwanda kiko Tolentino. Sofa lake mashuhuri, Chester, lina fremu ya mbao ngumu iliyokaushwa vizuri, springi zilizofungwa kwa mkono juu ya mikanda ya juti, na manyoya ya farasi ndani yake. Ni kazi ya fundi haswa, naiheshimu. Ngozi nayo ina faida yake: mtoto akimwaga juisi ya ukwaju, unafuta kwa kitambaa na mambo yameisha.

Tatizo ni masika. Kila mwenye viatu vya ngozi kabatini anajua vinavyokuwa mwezi wa Mei: vimeota ukungu mweupe kama vimenyunyiziwa unga. Chester lina vifungo, na kila kifungo kina shimo lake na mikunjo inayolizunguka. Huko kitambaa cha kufutia hakifiki, ukungu unafika. Ndani kuna juti, na sisi tuliokulia kwenye mji wa mkonge hatuhitaji kuambiwa nyuzi za mmea zinavyofanya zikipata unyevu zikakosa upepo. Mtu atasema aweke kiyoyozi. Sawa, lakini kiwake kila siku, hata akisafiri, na umeme usikatike. Nyumba nyingi za pwani hujengwa ili upepo wa kusi upite, na mwenye nyumba atakuwa amefunga madirisha kwa ajili ya sofa.

B&B Italia, iliyoanza mwaka 1966 na iko Novedrate, ilijijengea jina kwa njia nyingine kabisa: povu linamiminwa kwenye kalibu, yaani chombo cha kulipa umbo, kuzunguka fremu ya chuma. Mchwa hana cha kula hapo. Sofa lao la Charles, alilobuni Antonio Citterio mwaka 1997, lina toleo la kitambaa ambacho kinavuliwa na kusafishwa. Kwa hali ya hewa yetu, jambo hilo peke yake lina uzito kuliko sifa zote za ngozi.

Hata hivyo, upande wa Poltrona Frau una hoja moja nzito, na wanaotetea B&B huwa wanairuka. Springi, mikanda na fremu ya mbao ni vitu ambavyo fundi sofa mzuri wa Ngamiani anavielewa. Mkanda ukilegea anaufunga upya, mbao ikipasuka anaibadilisha. Povu la kalibu likichoka, na joto na unyevu hulichosha mapema, fundi huyo anaweza kukata sponji ya kawaida akajazia, ila umbo na ukaaji wa mwanzo umeshapotea. La sivyo, uagize tena Italia.

Cassina, kampuni nyingine ya Kitaliano iliyoko Meda, nayo isisahaulike. Makochi waliyobuni Le Corbusier, Pierre Jeanneret na Charlotte Perriand mwaka 1928, ambayo Cassina inayatengeneza tangu miaka ya 1960, ni mito mikubwa iliyopangwa ndani ya fremu ya mabomba ya chuma. Mito inatoka, unaianika barazani. Yangenishawishi kabisa, isipokuwa chuma kilichong'arishwa kwa kromiamu hakipendani na chumvi ya bahari. Anayeyataka achukue yenye fremu ya rangi.

Halafu kuna forodha. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka fanicha kwenye ushuru wa asilimia 35, na VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya thamani pamoja na ushuru huo. Mzigo uliofika bandarini ukiwa na thamani ya milioni 10 unakaribia milioni 16 kabla ya tozo nyingine. Kwa pesa hiyo, kununua sofa litakalofungiwa chumbani ili lisiharibike naona ni hasara.

Mimi kwa sebule ya Raskazone naenda na Charles la kitambaa. Hata Camaleonda, sofa aliyobuni Mario Bellini mwaka 1970, ambayo B&B iliirudisha sokoni 2020, naiacha pamoja na uzuri wake: iko chini mno, na bibi akija kutoka Pangani atahitaji watu wawili kumnyanyua. Pia sisi tunapiga deki kila asubuhi. Charles limesimama juu ya miguu myembamba ya alumini, tambara linapita chini yake na kitambaa hakinywi maji. Mwenye chumba cha ndani chenye kiyoyozi, kisicho na dirisha la baharini, achukue Chester, ila aagize na ngozi ya akiba ya rangi ileile kwa ajili ya fundi.