Koti nene halitoshi: kipupwe cha ughaibuni kinakusubiri ndani ya nyumba

Ikikaribia Septemba, mtu anayehamia nchi ya baridi kikazi kwa mara ya kwanza huuliza swali moja tu: ninunue koti gani? Swali ni halali, ila linapewa uzito usiolistahili. Koti unalivaa njiani na kituoni. Saa nyingine zote uko ndani, na huko ndani ndiko kipupwe kinakomchosha mgeni, kwa unyevu, kwa giza na kwa bili ya umeme.

Mavazi tuyamalize haraka. Fulana ya pamba ndiyo inayoponza wengi: inanyonya jasho na kuchelewa kukauka, kwa hiyo ukitembea upesi kisha ukasimama kungoja basi, unasimama na kitambaa kilicholoa mgongoni. Nguo ya ndani iwe ya sufu au polista na ishike mwili, juu yake sweta, na juu kabisa kitu cha kuzuia upepo na mvua. Ukivaa hivyo, hata koti la kawaida linatosha. Viatu ndivyo vya kufikiria sana. Mtu hununua saizi yake ileile, kisha anavaa soksi mbili nene humo. Kiatu kinabana, damu haipiti vizuri vidoleni, hewa inayotunza joto inakosa nafasi, na miguu inazidi kufa ganzi. Ongeza nusu saizi au saizi moja, vaa soksi moja nene ya sufu, na weka soli ya ziada ndani, maana baridi ya lami hupanda kutoka chini.

Sasa nyumba. Aliyezoea madirisha wazi mwaka mzima akikutana na baridi hufunga kila tundu, halafu anapika, anaoga na kuanika nguo sebuleni. Mzigo mmoja wa nguo zilizotoka kwenye mashine unaweza kutoa lita 2 hivi za maji hewani. Maji hayo hayaendi popote. Yanatafuta mahali penye baridi kuliko kwingine: kioo cha dirisha, kona ya ukuta wa nje, nyuma ya kabati. Hewa ya nyuzijoto 20 yenye unyevu wa asilimia 50 huanza kutoa matone ikigusa kitu chenye nyuzi 9 hivi, na kona ya nyumba ya zamani hufika hapo bila shida. Baada ya wiki chache utaona madoa meusi ukutani, nguo zitanuka uvundo, na viatu vya ngozi vitaota ukungu. Siku ya kuhama, mwenye nyumba anaweza kutaka kukata gharama hiyo kwenye amana yako.

Dawa yake ni bure. Funga hita, kisha fungua madirisha yote wazi kabisa, ya pande mbili za nyumba ikiwezekana, kwa dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa siku, na kila baada ya kuoga au kupika. Wengi hugoma kufungua siku ya mvua wakidhani wanakaribisha unyevu. Mambo ni kinyume. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 0 haibebi zaidi ya gramu 5 hivi za maji, ilhali ile ya nyuzi 20 inabeba gramu 17. Hewa ya nje, hata iwe imeshiba mvuke, ikiingia na kupata joto inageuka kavu, unyevu wake ukishuka chini ya asilimia 30, na ndiyo inayonyonya majimaji ya humo ndani. Kuacha dirisha wazi kidogo kutwa nzima hakusaidii. Ukuta unaolizunguka unapoa, na ukungu unaota hapohapo. Nunua kipimaunyevu kidogo cha mezani, ukilenga asilimia 40 hadi 60, na acha sentimita 5 hadi 10 kati ya kabati na ukuta wa nje.

Hita ya ukutani inayopitisha maji ya moto nayo ina siri yake. Zile namba 1 hadi 5 kwenye kichwa chake cha kuzungushia si nguvu ya moto, ni kiwango cha joto ambacho chumba kitafikia kabla hita haijajipunguza yenyewe. 3 ni kama nyuzi 20. Kuweka 5 hakuharakishi chochote. Na ukiona umeweka 4 lakini chumba bado baridi, tazama pazia. Likiifunika hita, joto linajikusanya nyuma yake, kile kichwa cha kuzungushia kinadhani chumba chote kimeshapata joto, nacho kinafunga maji ya moto. Nguo zilizoanikwa juu ya hita huleta shida hiyohiyo. Hita ya umeme ya wati 2,000 ikiwaka kwa muda wa saa 5 inakula uniti 10, na ichomekwe moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni. Jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa, hata kwa dakika chache: kaboni monoksidi haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Giza halina bili, lakini lina gharama: linachosha. Mwishoni mwa Desemba urefu wa mchana London haufiki saa 8, na Helsinki haufiki saa 6. Mwanga wa ofisi nyingi ni laksi (kipimo cha mwangaza) 300 hadi 500. Nje wakati wa adhuhuri, hata kukiwa na mawingu, kwa kawaida hupita 1,000. Kwa hiyo nusu saa ya kutembea wakati wa chakula cha mchana ina faida kuliko kulala sana wikendi. Kuhusu vitamini D, Uingereza inashauri watu wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku kipindi cha vuli na baridi, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Usizidishe ukidhani utapona uchovu haraka.

Wa zamu za usiku wakumbuke saa. Sehemu kubwa ya Ulaya saa hurudishwa nyuma kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kusogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Zamu ya saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi inakuwa na urefu wa saa 9 badala ya 8 katika usiku ule wa Oktoba. Iandike, kisha kagua hati yako ya malipo.

Na likizo? Kwa maoni yangu, kuimaliza yote Desemba ni hasara. Desemba ina sikukuu na siku za mapumziko za bure. Februari haina kitu, na mwili umeshachoka. Nauli ya ndege mara nyingi ni nafuu zaidi Februari, na wenzako kazini hawaigombei sana. Omba mapema, Oktoba hivi, kabla ratiba ya mwaka mpya haijapangwa.