Kifungo cha Chang: anayenung'unika hatetei wizi

Tangu Januari 2025, Manuel Chang alipohukumiwa kifungo cha miaka minane na nusu huko Brooklyn, New York, ubishi juu yake haujaisha huku Mtwara. Si ajabu, maana watu wa Nanyumbu, Newala na Tandahimba wana ndugu ng'ambo ya Ruvuma. Chang, Waziri wa Fedha wa Msumbiji kuanzia 2005 hadi 2015, alitiwa hatiani kwa kula njama za ulaghai na utakatishaji fedha katika ile mikopo ambayo kampuni za serikali ya Msumbiji zilichukua kwa siri, akidaiwa kuvuta dola milioni 7 za rushwa. Wapo wanaoshangilia. Wapo wanaonung'unika kwamba waziri wa Msumbiji hakupaswa kuhukumiwa na Wamarekani, na hao huambiwa papo hapo kuwa wanatetea mafisadi. Nadhani wanaonewa.

Hoja ya wanaoshangilia ni nzito. Waliokwenda mahakamani Afrika Kusini kuomba Chang asirudishwe kwao, apelekwe Marekani, hawakuwa mabeberu. Walikuwa asasi za kiraia za Msumbiji zenyewe. Ziliona kwamba alikamatwa uwanja wa ndege wa Johannesburg Desemba 2018 kwa hati ya Marekani, wakati nyumbani alikuwa bado mbunge na hakuna aliyemgusa. Rais mstaafu Guebuza, ambaye mikopo ilichukuliwa chini ya utawala wake, alifika mahakamani Maputo kama shahidi tu. Nani angeziamini mamlaka za Maputo kumhukumu Chang?

Lakini msikilize vizuri anayenung'unika. Hasemi Chang hakula. Anauliza aliyeibiwa ni nani. Katika kesi ya Brooklyn, waliodhulumiwa ni wawekezaji waliouziwa madeni yale bila kuambiwa kuna rushwa ndani yake. Kisheria ni sahihi, mahakama ya Marekani haiwezi kumshtaki waziri wa nchi nyingine kwa kuwafukarisha wananchi wake. Ila kwa mpangilio huo mkulima wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, hakuwa na kiti katika kesi. Desemba 2019 mahakama hiyohiyo ilimwachia huru Jean Boustani wa kampuni ya Privinvest, iliyouza boti zilizonunuliwa kwa mikopo hiyo, na baadhi ya wajumbe wa jopo walieleza baadaye kwamba hawakuona New York inahusika vipi. Ukilisema swali hilohilo Mtwara, unaitwa mtetezi wa wezi.

Twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapopita haraka. Mikopo yenyewe, ya 2013 na 2014, ilikuwa kama dola bilioni 2. Mwaka 2021 CIP, kituo cha Maputo kinachofuatilia ufisadi, pamoja na taasisi ya Chr. Michelsen ya Norway walikadiria kuwa hasara kwa Msumbiji ilifika angalau dola bilioni 11, na kwamba karibu watu milioni 2 walisukumwa kwenye umaskini. Bilioni 2 ziligeukaje kuwa 11? Siri ilipofichuka 2016, Shirika la Fedha la Kimataifa na wahisani walisimamisha misaada, metikali, sarafu ya Msumbiji, ikaporomoka, bei zikapanda, huduma za serikali zikakosa fedha. Yaani kila dola iliyokopwa iliwagharimu wananchi zaidi ya dola tano, na asilimia kubwa ya waliolipa hawakuwahi kusikia jina la Chang. Milioni 7 zake, katika hesabu hii, ni chenji.

Benki ya Credit Suisse, iliyopanga sehemu kubwa ya mikopo hiyo, ilikubali 2021 kulipa mamlaka za Marekani na Uingereza karibu dola milioni 475. Msumbiji ikasamehewa deni la dola milioni 200. Linganisha mwenyewe.

Halafu kulikuwa na ahadi ya ulinzi. Kampuni mojawapo iliyokopa, ProIndicus, ilipewa fedha kwa jina la kulinda pwani, ikiwemo gesi ya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana na Mtwara. Oktoba 2017 Mocímboa da Praia, mji wa jimbo hilo, ikavamiwa na wapiganaji wenye silaha. Oktoba 2020 washambuliaji wakavuka mto hadi Kitaya, huku kwetu. Sisemi mikopo ndiyo iliyozaa vita, hilo lina mizizi yake. Nasema ulinzi uliokopewa haukuonekana, na aliyeukosa si mwekezaji wa New York.

Mtwara inaelewa jambo hili kuliko inavyodhaniwa. Mwaka uleule wa 2013, watu hapa waliandamana kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam, wakaitwa wachochezi. Njia ya baadhi yao ilikuwa mbaya, mali iliharibiwa na watu wakafa. Lakini swali lao, kitu kinachotoka kwetu kinahesabiwa kwa faida ya nani, ndilo linaloulizwa sasa kuhusu Chang.

Wengine hutaja kesi ya mawaziri wetu wa zamani, Basil Mramba na Daniel Yona, kama ushahidi kwamba mahakama za nyumbani ni laini: miaka mitatu, ikapunguzwa hadi miwili, na mwaka 2016 wakamalizia kwa kufanya usafi hospitalini Sinza. Adhabu ndogo, kweli. Lakini hasara waliyoshtakiwa nayo, shilingi bilioni 11.7, ilikuwa ya Serikali ya Tanzania, na mtu wa Sinza aliwaona wameshika mafagio. Hata Maputo, kwa udhaifu wote, iliendesha kesi ya mikopo hiyo ndani ya hema gerezani ikirushwa moja kwa moja kwenye televisheni, na Desemba 2022 washtakiwa 11 kati ya 19 wakatiwa hatiani, akiwemo mtoto wa Guebuza, miaka 12. Mimi ningempeleka Chang huko, nikijua kabisa hatari ya kuachiwa.

Anayedhani manung'uniko haya ni chuki kwa mahakama za wazungu aitazame London. Huko mlalamikaji alikuwa Msumbiji yenyewe, na Julai 2024 jaji aliipa ushindi dhidi ya Privinvest. London nako ni ugenini, jaji naye si Mmakonde. Labda ni kwa sababu habari ile haikuvuma sana, lakini sijasikia mtu hapa Mtwara akiilalamikia.