Aliyeshonwa moyo utotoni hajamaliza kliniki

Nilipasuliwa moyo nikiwa na miaka 4, na nyumbani kisa hicho kilisimuliwa hivi siku zote: "Alizaliwa na matatizo ya moyo, akapona." Hilo "akapona" nimekuja kulichukia ukubwani. Nilirekebishwa. Kupona ni habari nyingine.

Mpasuaji hafiki ndani ya moyo bila kukata, na palipokatwa huota kovu. Kovu la gotini halimsumbui mtu. La moyoni limekaa njiani mwa umeme. Kila pigo huanzia kwenye chumba cha juu, upande wa kulia, likashuka kwa njia yake hadi vyumba vya chini. Kovu halipitishi umeme, kwa hiyo umeme hulipitia pembeni, na siku moja, pengine miaka 20 baadaye, hunasa hapo ukawa unazunguka tu kama ngamia wa kinu.

Mimi ulininasa nikifunga kamba za viatu. Sikuwa nimekimbia wala kugombana na mtu. Mapigo 150 kwa dakika, nikae, nilale, ni yale yale 150. Mapigo ya woga hupanda na kushuka, haya yaliganda. Daktari wa zamu akasema nina wasiwasi, nipumzike. Wa pili alifungua shati, akaona mshono kifuani, akauliza: "Ulifanyiwa upasuaji gani?"

Sikujua. Mtu mzima, sijui moyo wangu ulifanywa nini!

Na swali lile si la kujaza fomu. Waliozaliwa na mishipa mikubwa iliyobadilishana nafasi, wakafanyiwa upasuaji wa Senning au Mustard, ule wa kugeuza njia ya damu ndani ya moyo, walishonwa sana vyumba vya juu. Wengi mapigo yao huja kuzubaa, wengine huhitaji betri ya moyo, kifaa cha kuamsha mapigo. Waliotengenezewa tetralojia ya Fallot, yaani kasoro nne za moyo za kuzaliwa nazo, upasuaji uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1954, mara nyingi hubaki na valvu, yaani kilango cha damu cha moyo, inayovuja. Chumba cha chini cha kulia kinatanuka polepole, na mapigo mabaya yakianzia huko yanaweza kuua ghafla mtu ambaye jana alikuwa anacheza mpira.

Siwalaumu wapasuaji, bila wao nisingekuwa hapa. Lawama yangu ni kwa ule ukimya unaoanza ukifika miaka 18: kliniki ya watoto inakuaga, ya watu wazima haikujui, na wewe mwenyewe unajisikia mzima, unaona ya nini kupoteza siku foleni. Ndiyo hiyo miaka chumba kinatanuka.

Mimi waliniingiza waya kupitia mshipa wa pajani, wakaunguza kipande kidogo cha ile njia ya mzunguko. Mapigo yakatulia palepale mezani.

Mama naye alipekua sanduku lake hadi akaipata ile karatasi, imekunjwa mara nne, jina la upasuaji limeandikwa kwa mkono. Nimeipiga picha, iko kwenye simu.